Kuwinda kulungu: upande mtini au ubaki chini? (Uzi maalumu)

MzeeWaPodo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila msimu wa kulungu unapokaribia huku Amerika Kaskazini, inboksi yangu inajaa swali lilelile: "Mkuu, ninunue kiti cha mtini au kibanda cha maficho?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, nimeamua kulileta jukwaani. Namzungumzia kulungu wa mkia mweupe, yule wa misitu ya mialoni na kingo za mashamba ya mahindi Marekani na kusini mwa Kanada, kwa upinde na kwa bunduki. Wenye wanyama wa kwingine karibuni pia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wa kupinga wajipange. Juu au chini ni swali la tatu. La kwanza, upepo unakwenda wapi. La pili, utaingiaje na utatokaje bila kulungu kujua kuwa ulikuwepo. Ukishayajibu hayo mawili, mara nyingi eneo lenyewe linakwambia upande au ukae chini. Lakini wengi wanaanza na mti. Mtu anaona mwaloni mnene pembeni ya njia iliyochimbika kwa kwato, anafunga kiti siku hiyohiyo, kisha kila alfajiri anakatiza katikati ya malisho ili akifikie. Kulungu wanamsikia, wananusa alipokanyaga, wanaondoka gizani. Yeye anakaa juu hadi saa nne asubuhi, anashuka anasema eneo halina wanyama.

Mti unakupa nini hasa? Kwanza unakutoa kwenye mstari wa macho yao. Macho ya kulungu yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu mzunguko mzima isipokuwa kipande kidogo nyuma yake, na hatari aliyoizoea inakuja usawa wa ardhi. Ukiwa mita 5 hadi 7 juu unapata nafasi ya kugeuza bega au kuvuta upinde bila kuonekana haraka. Sisemi kwamba hatazami juu. Waliowindwa sana wanatazama, hasa majike wakubwa wenye watoto, na kama nyuma yako ni anga tupu, bila shina wala matawi ya kuvunja umbo lako, atakuona tu. Pili, unaona ndani ya vichaka ambavyo ukiwa chini ni ukuta. Tatu, risasi au mshale wako unaelekea ardhini.

Sasa harufu. Hapa watu wanadanganyana sana. Utasikia "ukipanda juu harufu inapita vichwani mwao". Inapita, ndiyo, kwa umbali fulani, halafu inashuka. Asubuhi jua likishaanza kupasha ardhi, hewa inapanda, na aliye mtini kwenye mteremko ananufaika kweli. Jioni mambo yanageuka. Jua likizama hewa inapoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni kama maji, na harufu yako inateremka nayo hata kama usoni husikii upepo wowote. Aliyefunga kiti juu ya korongo akisubiri kulungu watoke humo jioni, anawapelekea taarifa mwenyewe. Kiti hichohicho asubuhi, hewa ikiwa inapanda, kinaweza kufaa sana.

Wengi wanabeba kichupa cha poda cha kupimia upepo. Ni kizuri, ila poda inapotea machoni baada ya mita chache. Mimi napenda manyoya ya mbegu za porini, yale yanayopeperuka yenyewe. Ukiwa juu unaliachia moja, unalifuata kwa macho. Utaliona linakwenda mbele vizuri, linasita kwenye uwazi kati ya miti, linazunguka, kisha linashuka nyuma yako, palepale ulipokuwa umepahesabu salama. Ukishaona hilo mara moja utaacha kuamini utabiri wa upepo wa kwenye simu.

Nawasilisha. Wajuzi wa kunyatia njooni, najua mpo.

NyayoKimya

Nipo mkuu, na nakuja kukupinga nusu.

Nakubali upepo na njia ya kuingilia. Lakini umeandika kana kwamba anayebaki chini ni aliyekosa mti. Mimi nabaki chini kwa kupenda. Ukifunga kiti umeshaamua kulungu apite wapi, na yeye hakukuahidi. Mialoni ya bondeni ikidondosha matunda wiki hii, wanyama wote wanahamia kule, wewe unabaki juu ya mti unaolinda njia ya wiki iliyopita. Aliye chini anahama nao.

Kunyatia kuna siku zake. Majani makavu ya vuli yakilala chini usijaribu, kila hatua ni kelele. Subiri mvua ya usiku iyalainishe, au asubuhi ya ukungu, au siku ya upepo wa wastani unaofunika mlio. Unatembea ukiuelekea upepo au ukiukata ubavuni. Hatua mbili tatu, kisha simama kando ya shina muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Muda wa kusimama uzidi wa kutembea mara nyingi.

Kingine, usitafute kulungu mzima. Msituni karibu kila kitu kimesimama wima, kwa hiyo mstari wa mlalo kwenye usawa wa kiuno chako una sababu. Ama ni gogo lililoanguka ama ni mgongo. Tafuta sikio linalocheza, pua nyeusi inayometa, mguu wa nyuma uliopinda. Mara nyingi unakuwa umeshamwona kwa dakika nzima kabla akili haijakubali kwamba ni mnyama. Na darubini ya mkononi itumie hata msitu mnene, si kwa ajili ya umbali, kwa ajili ya kupenya matawi.

Na dunia si msitu wa mialoni tu. Milima ya Scotland kwenye kulungu wekundu haina miti ya kupanda. Kule wanamtafuta kwa darubini kutoka mbali, kisha wanamkaribia kwa kutambaa kwenye mifereji ya maji na nyasi, matope hadi kifuani.

Kibuyu_Mkavu

Mnahangaika bure. Mimi ningekaa kwenye gari pembeni ya barabara na kahawa yangu, akivuka nammaliza 😂

MzeeWaPodo

@Kibuyu_Mkavu kupiga ukiwa kwenye gari au kutoka barabara ya umma ni kosa majimbo mengi ya Marekani, kahawa utaimalizia mahakamani.

@NyayoKimya nimekuelewa, na hoja ya matunda ya mwaloni ni kweli tupu. Ila mwaga siri vizuri: kunyatia kwa upinde ni kazi nyingine kabisa. Mwenye bunduki anahitaji kumwona mita 80 akiwa hajashtuka. Mwenye upinde anahitaji afike mita 20 au 25, kisha avute kamba mbele ya macho yale. Hapo ndipo wanyatiaji wengi wanashindwa. Unamfikia, halafu mkono ukisogea tu, mkia mweupe juu, kwaheri.

NyayoKimya

Kweli. Kwa upinde ukiwa chini unavuta pale kichwa chake kinapopita nyuma ya shina, au anapoinama kula akiwa ameangalia kando. Na angalia masikio pia. Yakikuelekea wewe, hata kama macho yako kwingine, ameshakushuku. Ganda. Atainua kichwa ghafla mara moja au mbili kukutega, akijifanya anakula. Usiingie mtegoni.

Shabaha

Naomba niongeze kuhusu pembe ya kupigia, kwa sababu waliotoka kununua kiti cha mita 8 wanafurahia urefu bila kufanya hesabu.

Chukulia uko mita 6 juu. Kulungu akiwa mita 18 kutoka kwenye shina, unamtazama kwa mteremko wa nyuzi kama 18, hakuna tatizo. Akija mita 9, zinakuwa karibu 34. Akija mita 5, zinafika 50. Kadiri pembe inavyokuwa kali ndivyo mgongo unavyofunika mapafu, na mshale unaoingia juu ya bega unaweza kupita pafu moja tu. Mnyama wa pafu moja anakwenda mbali, na mara nyingi hapatikani. Ndiyo maana kupanda juu zaidi ili "asikuone" kuna gharama yake, na gharama hiyo anailipa mnyama.

Kwa hiyo usilenge pale mshale unapoingia. Fikiria utakapotokea upande wa pili, kisha rudisha mstari hadi ngozi ya upande wako. Akiwa karibu sana chini ya mti, subiri asogee. Akikupa ubavu huku kichwa kikielekea mbali kidogo, hapo ndipo pazuri.

Na kuvuta upinde ukiwa juu: shika umbo lako la kawaida kama unalenga mbele, kisha pinda kiunoni kushuka. Ukishusha mkono tu bila kupinda kiuno, mshale unakwenda juu ya ulipolenga. Umbali wa kuhesabu ni ule wa ardhini, kutoka shina hadi mnyama. Kwa mfano huo wa mita 18, mstari wa jicho ni kama mita 19, tofauti ndogo. Ila korongoni penye mteremko mkali tofauti inakua, kwa hiyo kama kipima umbali chako kinasahihisha pembe, kiache kifanye kazi.

Aliye chini hana hesabu hizi. Tundu la kuingia na la kutokea viko karibu usawa mmoja, na damu inaanza kudondoka mapema. Juu, kama mshale haukutoboa upande wa pili, tundu liko juu ya mbavu na damu inajaa ndani kwanza. Kufuata damu kunakuwa kugumu.

BiMwaloni

Wakuu nyote mmeongea vizuri na hakuna aliyegusa kuanguka. Kwa Marekani, kuanguka mtini ni miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji kuumia na kufa, na wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au kwenye ile hatua moja ya kutoka ngazini kuingia kwenye kiti.

Kwa hiyo mkanda unaovaa ukishakaa haukulindi pale panapoua. Kinachotakiwa ni mkanda wa mwili mzima, wa mabegani na mapajani, si ule wa kiunoni peke yake ambao ukikushika unaweza kukubana hadi ushindwe kupumua. Kisha kamba ya usalama inayofungwa juu ya kiti na kushuka hadi chini ya mti, yenye fundo la prusik. Unajiunga ukiwa bado umekanyaga ardhi. Unapopanda unalisukuma fundo juu, ukiteleza fundo linauma kamba. Hujiondoi hadi miguu irudi chini. Anayesema kamba hizi zinamchelewesha, mwambieni mimi nimesema akae chini awinde na NyayoKimya.

Mengine ya haraka: bunduki au upinde haupandi nao. Bunduki itolewe risasi, mishale iwe ndani ya podo, unapanda mikono mitupu kisha unavuta kwa kamba ndogo. Viungo vitatu viwe vimeshika mti au ngazi muda wote. Kiti kingi cha dukani kimepimwa pauni 300, yaani kilo 136 hivi, na hiyo ni pamoja na nguo za baridi, begi na silaha.

La mwisho na ndilo watu hawalijui: ukianguka na mkanda ukakushika, bado hujapona. Ukining'inia bila kutikisika damu inalala miguuni na unaweza kupoteza fahamu. Chezesha miguu, sukuma shina, kanyaga ule mkanda mdogo wa kupumzishia miguu, urudi ngazini haraka. Ufupishe ule mkanda unaokuunganisha na mti ili usianguke mbali hadi ushindwe kukifikia kiti. Na mtu nyumbani ajue uko mti gani, si "niko msituni".

MzeeWaPodo

@BiMwaloni bandiko lako ningeweza ningelipandisha liwe la kwanza. Heshima sana dada.

mgeni_wa_msitu

Shikamoo wakubwa. Mimi ndiyo naanza, mwaka huu nina upinde wa kapi, naogopa urefu na mfuko wenyewe mwembamba. Nianzeje? Nikinunua kile kibanda cha kitambaa kinatosha?

MzeeWaPodo

Marahaba mdogo wangu. Kama unaogopa urefu usijilazimishe. Mtu anayetetemeka juu hapigi vizuri, na pia hatulii.

Cha kwanza ambacho hakina gharama: keti umeegemea shina pana kuliko mabega yako. Mbele panga matawi yaliyokufa hadi usawa wa magoti, si zaidi, uweze kupiga. Fagia majani yote unapoweka miguu hadi udongo uonekane, maana ukigeuka baadaye hutaki mlio. Kaa kivulini. Kinachokuponza chini ni kusogea, kuliko rangi. Kulungu hawatofautishi rangi ya chungwa na kijani kama sisi, ila bluu wanaiona vizuri sana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia wamelichunguza jambo hili. Jinzi ziache nyumbani, na sabuni za kung'arisha nguo ziache pia.

Kibanda cha kitambaa ni kizuri kwa anayeanza kwa sababu kinakusamehe mtikisiko. Lakini ukikisimamisha alfajiri ya siku unayowinda, kulungu atakiona kabla hajafika. Kwao hilo ni kitu kipya uwanjani. Kiweke wiki kadhaa kabla, kisogeze ndani ya kichaka, kifunike kwa matawi ya palepale. Madirisha ya nyuma yafunge yote, yakiwa wazi mwanga unakuchora. Ndani vaa nyeusi, kofia na glavu pia, kaa nyuma kabisa mbali na dirisha. Kabla ya siku yenyewe ingia, keti kwenye kigoda chako, vuta upinde hadi mwisho. Utashangaa ncha inagonga paa au kiwiko kinagusa ukuta.

Kibanda kinapunguza kusambaa kwa harufu kidogo, hakiizuii. Upepo bado ndiyo bosi.

NyayoKimya

Na akitoka humo akague kupe mwili mzima. Sisi wa chini tunalipa kodi hiyo. Kupe wa kulungu ndiye anayeleta ugonjwa wa Lyme, na vuli wanakuwa bado wapo.

Shabaha

Kwa wenye bunduki mnaobaki chini, jambo moja tu: nyuma ya mnyama kuna nini? Aliye juu risasi yake inaingia udongoni, na hiyo ndiyo sababu kubwa Ujerumani wana vile viti virefu vya mbao kila pembe ya msitu na shamba. Ukiwa chini kwenye tambarare, risasi iliyokosa inaendelea na safari. Usimpige aliyesimama juu ya mgongo wa kilima na anga nyuma yake, hata awe na pembe za namna gani. Na rangi ya chungwa kwenye msimu wa bunduki vaeni. Majimbo mengi yanalazimisha, na baadhi yanataka ionekane hata nje ya kibanda, kwa sababu wewe uliyejificha humo umejificha kwa mwindaji mwenzako pia.

Kibuyu_Mkavu

Haya nimeacha utani, naomba kuuliza kwa adabu. Haya matandiko ya kuning'inia mtini ambayo vijana wanayasifia ni kitu gani? Na sehemu ambazo hakuna miti mirefu mnafanyaje?

MzeeWaPodo

Karibu tena mkuu.

Tandiko ni mkanda mpana wa kitambaa unaokukalisha makalio, unaning'inia ukiwa umelielekea shina, miguu imekanyaga kijukwaa kidogo. Ni jepesi na unahama nalo, leo mti huu, kesho ule, kwa hiyo linajibu ile hoja ya NyayoKimya ya kulungu kuhama. Shina linakuwa kati yako na mnyama, unajificha nyuma yake. Ubaya: magoti na nyonga vinauma hadi uzoee, na kumpiga aliyekuja upande wa mkono wako mbovu kunataka mazoezi ya kuzunguka. Ulegevu kwenye kamba usiwepo hata kidogo.

Kile kiti cha kupanda chenyewe, cha vipande viwili unavyovisogeza kimoja baada ya kingine, kinataka shina lililonyooka lisilo na matawi. Ukikipeleka kwenye msitu wa mialoni yenye matawi kuanzia chini utarudi nacho mgongoni. Cha ngazi ndicho kinachotulia zaidi kwa anayeanza, ila ni kizito na kukisimamisha kunataka watu zaidi ya mmoja.

Pasipo na miti, mfano vichaka vya kusini mwa Texas, wanatumia viti vya miguu mitatu na vibanda vya kuinuliwa kwenye nguzo. Havihitaji mti, vinahitaji kukaa muda mrefu hadi wanyama wavizoee.

Soma pia sheria za ardhi unayowindia kabla hujanunua. Ardhi nyingi za umma haziruhusu misumari wala vikanyagio vya kutoboa mti, nyingine zinataka kiti kiondolewe baada ya muda fulani au kiwe na jina la mwenyewe. Na ukivuka bahari usidhani upinde unaruhusiwa kila mahali: Uingereza kuwinda kulungu kwa upinde ni marufuku.

mgeni_wa_msitu

Asanteni sana. Swali la mwisho: jirani yangu ana kiti cha mtini amekiacha kimefungwa msimu uliopita, anasema nikitumie bure hata kama sitaki kupanda sana. Nikubali?

BiMwaloni

Bure kwa nani? Mti unanenepa kila mwaka, mkanda unaofunga kiti haunenepi, unakazwa hadi unakatika au kuuma gome. Jua limeulegeza uzi, na kuchakulo wanapenda kuitafuna. Mwombe akishushe kwanza. Mbadilishe mikanda yote, mkague minyororo, nati na sehemu zilizochomelewa, mkifunge upya mita moja kutoka ardhini, ukae, urukeruke juu yake. Kikilalamika kiacheni hapohapo chini.